Tiketi ya Mheshimiwa imelipwa na nani?

SWALI: Yaya, salamu kutoka Kampemba. Mimi ni msaidizi wa mbunge mmoja wa jimbo hapa Lubumbashi. Ndiye ninayemwandikia hotuba na maswali anayowauliza mawaziri wa jimbo. Sasa kampuni moja inayowauzia mashine wenye migodi inataka kutupeleka sisi wawili kwenye mkutano Cape Town, siku tano. Tiketi, hoteli na bahasha ya matumizi, vyote juu yao. Lakini barua ya mwaliko imetoka kwa shirika lisilo la faida ambalo sijawahi kulisikia. Mheshimiwa kaniambia nifunge mdomo. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, safari yenyewe hainitishi. Jimbo letu linaishi kwa shaba na kobalti, na mbunge akienda kusikia wenzake wa nchi nyingine wanavyoyasimamia mambo hayo, ni haki yake. Kinachonitisha ni kwamba anayetoa fedha ni mmoja, na mwenye jina kwenye barua ni mwingine.

Jambo la namna hiyo liliwapata Wamarekani. Mei 2013, wabunge 10 wa Marekani na wasaidizi wao 32 walipelekwa Baku, Azerbaijan. Karatasi zilisema wamealikwa na mashirika yasiyo ya faida. Mwaka 2015 gazeti la Washington Post likafichua kwamba fedha zilitoka kwa SOCAR, kampuni ya mafuta ya serikali ya Azerbaijan. Wageni walipewa skafu za hariri, seti za chai za kioo, mazulia. Uchunguzi uliona kwamba wageni hawakujua mlipaji halisi. Tazama tena hesabu hiyo: wasaidizi walikuwa mara tatu ya wabunge. Anayetaka swali fulani lisiulizwe bungeni anamtafuta anayeliandika, na huku kwenu anayeliandika ni wewe.

Hao Wamarekani walikuwa na kanuni tayari. Mwaka 2002 Jack Abramoff, aliyekuwa akilipwa kuwashawishi wabunge, alimpeleka mbunge Bob Ney kucheza gofu Uskoti. Ney alikiri makosa mwaka 2006, na 2007 akahukumiwa kifungo cha miezi 30. Mwaka huohuo wa 2007 Bunge likakaza kamba. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anayesafiri kwa fedha za mtu binafsi huomba kibali cha Kamati ya Maadili kabla ya kuondoka, na mlipaji hutia sahihi fomu inayosema nani anatoa fedha. Msaidizi naye anaidhinishwa kwa sahihi ya mbunge wake. Wakirudi, ndani ya siku 15 wanaandika gharama za usafiri, malazi na chakula, na karatasi hizo zinawekwa kwenye intaneti, mwananchi yeyote azisome. Kwa Baku fomu zilijazwa, ila zilijazwa uongo. Mmoja wa waandaaji alikiri kosa mahakamani mwaka 2018, na kilichomnasa ni ile sahihi yake.

Kwetu Kongo (DRC), kifungu cha 99 cha Katiba ya 2006 kinawataka Rais na mawaziri waitangazie Mahakama ya Katiba mali zao. Wabunge hakiwataji, na habari ya safari haimo kabisa. Hilo linaniuma, maana mama anayelipa kodi ya meza yake katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ana haki ya kujua nani kamlipia mbunge wake hoteli.

Basi usingoje sheria. Liandikieni shirika hilo barua: fedha ni za nani, kiasi gani, ratiba ya kila siku ni ipi, na kampuni ile ina shauri gani mbele ya serikali ya jimbo. Jibu walitie sahihi. Tiketi na hoteli vinaweza kuandikwa; bahasha irudisheni, kwa sababu haina risiti. Kabla ya kuondoka pelekeni nakala kwa Ofisi ya Bunge la jimbo, na mkirudi mbandike ukurasa mmoja wa gharama mlangoni pa ofisi yenu na kuutuma kwa redio za mji.

Mheshimiwa akikataa hata barua hiyo isiandikwe, mwambie kwa heshima kwamba wewe unabaki Lubumbashi. Mwandikie, weka tarehe, na nakala moja ikae nyumbani kwako.