Dai la maegesho ya supamaketi Leicester, Uingereza
Ndugu uliyeuliza kuhusu barua inayokudai pesa, kuzidisha dakika 25 juu ya muda ulioruhusiwa katika maegesho ya supamaketi si jinai, na barua uliyopokea ni dai la kampuni binafsi, si faini ya polisi wala ya halmashauri. Mwonyeshe kwanza meneja wa duka risiti yako ya siku ile, maana mara nyingi neno lake hutosha kulifuta. Akikataa, kagua tarehe: kwa sheria ya mwaka 2012, pale ambapo hakuna karatasi iliyobandikwa kiooni, barua yapaswa kumfikia mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14, la sivyo hawawezi kumdai badala ya dereva, basi usimtaje aliyeendesha. Kuipuuza sikushauri, kwani mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilihalalisha dai kama hili la pauni 85.