Maswali na majibu: Mashine ikimuuliza mgonjwa, nani anasikiliza?

Baba yangu ana shinikizo la juu la damu na husahau dawa. Nimnunulie kifaa gani cha kumkumbusha kwa sauti?

Swali hili hunifikia kila mara, na karibu kila anayeliandika hutaja kifaa kabla ya kumtaja mgonjwa. Umejuaje kwamba baba anasahau? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba, katika nchi zilizoendelea, ni takriban asilimia 50 tu ya wenye maradhi ya muda mrefu wanaofuata matibabu ipasavyo, na usahaulifu ni sababu moja tu kati ya nyingi. Huenda kidonge cha kupunguza maji mwilini kinamlazimisha kwenda haja ndogo mara kwa mara, naye, kwa kuona haya kukueleza, hukiacha kila anapokuwa na safari. Mkalie karibu, umuulize kwa upole, kisha mwende kwa daktari au mfamasia kuzungumzia saa ya kumeza. Ikibainika kwamba kweli anasahau, simu yoyote inayoweza kutamka ukumbusho itatosha.

Naweza kumuuliza msaidizi wa sauti kama niongeze dozi ya insulini?

Hapana. Utafiti ulioongozwa na Timothy Bickmore, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba baadhi ya waliowauliza Siri, Alexa na Google Assistant mambo ya tiba wangeweza kudhurika, hata kufa, lau wangetenda walivyoelekezwa.

Kliniki yetu ya kisukari huwapigia wagonjwa simu za kujiendesha kila siku. Mwanzoni walijibu vizuri, lakini sasa wengi hukata. Tatizo ni nini?

Mmeniletea maneno ya simu yenyewe, nami nimeyasoma zaidi ya mara moja. Sauti inamtaka mgonjwa abonyeze 1 kama amemeza dawa na 2 kama hajameza. Akibonyeza 2, anaambiwa kwamba anahatarisha maisha yake, kisha simu inakatika. Jiwekeni mahali pake. Siku ya tatu atakuwa amekwisha kujua kwamba 1 ndiyo njia ya kuachwa kwa amani, na hayo majibu mazuri ya mwanzoni mnayoyasifu yanaweza kuwa ya watu ambao vidonge vyao bado vimo kwenye pakiti.

Punguzeni simu, halafu itengenezeni upya ile njia ya 2, kwa sababu anayekiri kwamba hajameza ndiye aliyewaamini. Aulizwe kilichomzuia: je, tumbo limevurugika, dawa zimemwishia, au ana jambo jingine analotaka kulieleza kwa sauti yake? Metformini, dawa ya kisukari, huwasumbua wengi tumboni, na mara nyingi kuimeza pamoja na chakula huleta nafuu, lakini mgonjwa hawezi kupata ushauri huo kutoka kwa simu iliyokwisha kumkemea. Mwanasaikolojia William Miller, aliyeandika mwaka 1983 kuhusu mazungumzo na watu wenye matatizo ya pombe, alisisitiza kwamba sababu za kubadilika zitoke kinywani mwa mhusika mwenyewe, kwa maana ukimbana, atajitetea. Kila jibu la 2 lifike kwa muuguzi anayeweza kumpigia siku hiyo hiyo, na kama muuguzi huyo hayupo, nawasihi msimamishe simu hizo hadi apatikane.

Mashine haielewi matamshi ya mama yangu. Tumfundishe kuzungumza vizuri zaidi?

Mama anazungumza vizuri. Watafiti wa Stanford walipima mifumo mitano ya kutambua usemi ya kampuni kubwa mwaka 2020, wakakuta kwamba ilikosea takriban maneno 35 kati ya 100 ya Wamarekani weusi, dhidi ya 19 ya Wamarekani weupe. Mtafutieni huduma inayokubali majibu ya kubonyeza tarakimu, na mtoe malalamiko kwa walioiuza hiyo ya sasa.

Rekodi za sauti yangu hukaa wapi?

Mara nyingi hukaa kwenye kompyuta za kampuni, si ndani ya kifaa chako. Mwaka 2023 Amazon, kampuni yenye Alexa, ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani kutokana na madai ya kuhifadhi rekodi za watoto kinyume cha sheria, kwa hiyo fungua mipangilio na uzifute mwenyewe. Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo linanitia wasiwasi zaidi: spika ya sebuleni hutangaza kila ukumbusho ulioiandikia, hata mbele ya wageni. Usiandike jina la dawa wala la ugonjwa. Andika tu «saa mbili imefika».