Wasomaji wanauliza: Hivi simba wa Lions' Den wanawapunja vijana?

SWALI: Dada mhariri, naangalia Lions' Den ya benki ya KCB ya Kenya, kile kipindi cha TV ambacho vijana wanaomba mtaji kwa wawekezaji wanaoitwa simba na kuwapa sehemu ya kampuni, toka ianze 2016 na nimechoka kuona vijana wanadhulumiwa. Mtu anaomba milioni 2 kwa asilimia 10, simba anataka asilimia 40, na kijana anachekelea kabisa anampa mkono! Nyumbani tumegombana, shemeji anasema ni halali. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kaka, uchungu wako naujua, ila tupige hesabu kwanza. Anayeomba milioni 2 kwa asilimia 10 anasema biashara yake yote ni ya milioni 20. Simba akitaka 40 kwa hela hiyohiyo anasema hapana, hii ni ya milioni 5 tu. Kwa hiyo hapo hawagombanii milioni 2, wanagombania bei ya kampuni, na kama kijana mauzo ya mwaka mzima ni milioni moja na nusu na faida laki 2, hiyo milioni 20 kaitoa wapi? Hapo shemeji ana pointi.

Lakini na wewe unayo, tena nzito, mana kijana anabaki na 60, kesho biashara ikikua anahitaji mtaji tena, anakuja mwekezaji mwingine anachukua robo ya kampuni, fungu la kila mmoja linapungua kwa robo, basi jamaa kabaki na 45. Ameanzisha mwenyewe, halafu wale wawili wakiungana wanamshinda kura. Hilo linaniuma sana nikiona mtu anakubali ndani ya dakika mbili eti kwa sababu kamera zinamwangalia. Na aulize pia simba analeta nini zaidi ya hela, mana asilimia 40 kwa mtu atakayekuingizia bidhaa supamaketi sio sawa na 40 kwa mtu wa kutoa cheki tu akakaa.

SWALI: Nasikia wengine wakishapewa dili hela hawazioni. Ni maigizo? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Sio maigizo, ule mkono ndio mwanzo tu. Kamera zikizimwa wanakuja mawakili na wahasibu, wanakagua vitabu, madeni, kodi, usajili, na wakikuta mambo tofauti na yaliyosemwa dili linabadilika au linakufa. Hata Shark Tank, kipindi kama hicho cha Marekani, iko hivyohivyo, na mwenye biashara naye anaweza kujitoa. Kilichokuwa kibaya kweli ni kwamba zamani Shark Tank ukitokea tu, hata usipopata dili, watayarishaji walikuwa na haki ya kuchukua asilimia 5 ya kampuni au 2 ya faida! Mark Cuban, mmoja wa wawekezaji wa kipindi hicho, alilipinga na sharti likaondolewa 2013, na alifanya la maana sana.

SWALI: Binti yangu anatengeneza sabuni za maji, anataka kwenda kwenye mashindano ya namna hii, majirani wanasema ataaibishwa na akikataliwa ndio basi. – Mama, Mwanza

JIBU: Mama, mwache aende. Jamie Siminoff alienda Shark Tank 2013 na kengele ya mlangoni yenye kamera, akaomba dola 700,000 kwa asilimia 10, akatoka bila dili. Mwekezaji mmoja tu, Kevin O'Leary, ndio alimpa ofa, mkopo wenye makato kwenye kila mauzo na hisa juu yake, akaikataa. Kipindi kiliporushwa wateja wakaanza kumtafuta, na kampuni hiyo ndio Ring, Amazon wakainunua 2018 kwa bei iliyoripotiwa kuwa zaidi ya dola bilioni moja. Sisemi sabuni itafika huko, nasema hapana ya majaji sio kifo.

Ila asiende mikono mitupu. Ajue kwa kichwa lita moja inamgharimu shilingi ngapi pamoja na chupa na usafiri, anauza ngapi, kwa mwezi zinatoka ngapi, wateja wangapi wanarudi, mana wengi wanakwama hapohapo, wanaongea vizuri halafu wakiulizwa faida wanaanza kuangalia dari. Na alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, aanze kuifuatilia sasa hivi, wataiulizia tu.