Taa ya cheki injini kwenye Toyota IST inarudi kila ikifutwa
Mkuu, unasema mashine ya kupimia gari inasoma kodi P0301 na taa inarudi kila ikifutwa. Kodi hiyo maana yake silinda namba 1 haichomi vizuri. Mashine hiyo inafuta kumbukumbu tu, ubovu unabaki palepale, ndiyo maana taa inarudi. Usinunue kitu bado. IST yenye injini ya 1NZ ina koili nne (ndizo zinazoipa plagi umeme wa cheche), kila plagi na yake: badilishana koili ya silinda 1 na ya 2, futa kodi, endesha. Ikija P0302, yaani tatizo limehamia silinda 2, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, chomoa plagi uitazame, kisha nozeli inayopuliza petroli. Mimi ni fundi, hizi IST za 2002 hadi 2007 nazishika sana, na mara nyingi ni koili. Ila taa ikianza kuwaka na kuzima, paki kabisa: petroli isiyoungua inaua masega ya ekzosi yanayosafisha moshi, na hayo ni ghali kuliko koili.