Siku moja ya bahari ukiwa Barcelona

Dada, kama una Jumapili moja tu, achana na msongamano wa Barceloneta, ufukwe wa mjini, nenda Sitges, mji wa pwani kusini yake. Panda treni ya R2 Sud pale stesheni ya Sants, kama dakika 40 hivi, ukae upande wa kushoto: ukishapita Castelldefels reli inaingia na kutoka kwenye mahandaki ya Garraf, na bahari iko chini ya dirisha kabisa. Kwa sisi wa Tanga kioja ni maji. Hayajai wala hayapwi kwa kuonekana. Kanga uliyotandika asubuhi, jioni bado kavu. Mimi napenda ufukwe mdogo wa Sant Sebastià, ng'ambo ya kanisa. Ila kula saa nane, maana saa kumi majiko mengi yanafungwa.