Dansi ya ukumbini: darasa la pamoja au mwalimu wa peke yako?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Ninaishi Jang'ombe na ninafanya kazi katika kitengo cha burudani cha hoteli moja huko Kiwengwa, ambako kila Jumamosi hutakiwa tucheze na wageni dansi za walzi, rumba na chacha. Kwa miezi mitatu nimehudhuria darasa la watu 20, mara moja kwa wiki, pamoja na mfanyakazi mwenzangu wa kike, na sisi wawili tunacheza vizuri. Nikicheza na mgeni, hatua huvurugika papo hapo. Mwalimu wetu hufundisha pia mtu mmoja mmoja, ila saa moja ya peke yangu ni sawa na ada ya mwezi mzima ya darasa. Je, niliache darasa nichukue masomo hayo?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usiliache darasa, angalau si sasa, kwa sababu ugonjwa uliouelezea hautibiwi na mwalimu wa peke yako kwa namna unavyotarajia. Unacheza vizuri na mtu mmoja na kuvurugika na wengine wote. Maana yake ni kwamba wewe na mwenzako mmehifadhi mfululizo mmoja wa hatua, naye anajua kinachofuata kabla hujamwashiria. Hakufuati wewe, anafuata kumbukumbu yake. Mgeni aliyejifunza walzi kwao Ujerumani au Italia hana kumbukumbu hiyo, hivyo anasubiri ishara kutoka mwilini mwako, na ishara hiyo bado haijajengeka.

Ukicheza na mwalimu peke yako, jambo la kwanza utakalohisi ni wepesi, kwa kuwa mtu mwenye uzoefu huisoma nia yako hata ishara ikiwa hafifu, huurekebisha uzito wake mwenyewe na kukufikisha ulikotaka kwenda. Utatoka ukiwa na furaha, na Jumamosi utavurugika tena. Nimeliona jambo hili kwa wanafunzi wangu mara nyingi, na linaniuma kwa sababu wamelipa fedha nyingi.

Dawa yako ni kubadilishana wenza. Mwombe mwalimu wa darasa awabadilishe kila baada ya nyimbo mbili au tatu, ili katika kipindi kimoja upate kucheza na watu watano au sita wenye urefu, kasi na tabia tofauti. Najua kwetu Unguja jambo hili lina adabu zake: wapo akina mama wasiopenda kushikwa mkono na mtu asiye mume wao, nao wana haki kamili ya kukataa bila kuulizwa sababu. Hapo wanaume wawili wafanye mazoezi pamoja, mmoja aongoze na mwengine afuate, kisha wapokezane. Wala hilo si jambo la kubabaisha. Chama cha walimu wa dansi cha Imperial Society of Teachers of Dancing, kilichoanzishwa London mwaka 1904, huwapima walimu katika mitihani yake kwa hatua za mwanamme na za mwanamke pia. Ukishazicheza hatua za mwanamke utafahamu kwa mgongo wako mwenyewe jinsi uongozaji unavyochelewa.

Hata hivyo darasa lina upungufu ambao siwezi kuuficha. Katika saa moja, watu 20 wakigawana jicho la mwalimu sawasawa, kila mmoja anapata dakika tatu. Kosa la hatua litaonekana, la mkao litapita. Katika walzi mkono wako wa kulia unatakiwa ukae chini ya bega la kushoto la mwenzako, upande wa mgongoni, utulie hapo, na mwendo utoke kifuani na katika uhamishaji wa uzito. Ukimsukuma kwa mikono, mwenzako aliyekuzoea atakuvumilia na mgeni atakakamaa. Kosa hilo linahitaji mtu wa kukushika na kukuonyesha pale pale linapotokea.

Rumba ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi kwetu. Sisi tumekua na rumba ya Kongo, na miguu yetu imezoea kuingia kwenye pigo la kwanza katika kila mapigo manne ya muziki. Rumba ya ukumbini inayofundishwa kimataifa huanza hatua kwenye pigo la pili: mbili, tatu, nne, kisha pigo la kwanza huachiwa nyonga zitulie bila hatua mpya. Mgeni aliyefundishwa hivyo akikutana nawe unayeanza mapema, mtakanyagana hata kama kila mmoja yuko sahihi kwa mazoea yake. Mazoea ya masikio ya tangu utotoni hayarekebishwi kwa kuhesabiwa katika kundi. Hapa ndipo fedha ya somo la peke yako inapofanya kazi yake.

Kwa hiyo ningekushauri uendelee na darasa kila wiki na uchukue somo moja la peke yako kila mwezi, kwa miezi mitatu. Usiende kujifunza hatua mpya. Nenda na swali moja, mwezi wa kwanza rumba, wa pili mkao wa walzi. Mwambie mwalimu waziwazi asikusaidie: ishara isipofika, asimame. Kama mwenzako wa kazini anaweza kuja, mje pamoja na mchangie gharama. Nyumbani fanya mazoezi kwa programu ya simu inayopiga mapigo, uiweke kati ya 84 na 90 kwa dakika kwa walzi, na kati ya 100 na 108 kwa rumba. Viatu viwe na soli laini ya ngozi, na ukung'ute mchanga wa ufukweni kabla ya kukanyaga vigae.

Shauri langu lingekuwa jengine kwa anayejiandaa kwa mashindano, au kwa maharusi wenye wiki tatu tu na wimbo mmoja. Hao wanahitaji mwalimu wao tangu siku ya kwanza. Wewe kazi yako ni kucheza na watu usiowajua. Baada ya miezi hiyo mitatu, cheza walzi nzima na mwanafunzi mgeni wa darasa bila kumwambia neno, na ukiona amefika ulikomwelekeza, basi masomo ya peke yako unaweza kuyasimamisha.