IST haina taiming belti, usilipe hiyo

Ndugu yangu, umesema fundi kakuandikia oili, pedi za breki za mbele, kusafisha nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini, na taiming belti, yaani mkanda wa kuendesha valvu za injini, kwenye Toyota IST yako old model. Hiyo ya mwisho ndo imenishtua, maana injini zake, za 1NZ na 2NZ, zinatumia cheni, belti ya taiming haipo kabisa, sasa anakulipisha kitu gani? Hata hayo mengine mwambie akuonyeshe kwa macho kwanza. Avue tairi, pedi ikibaki kama milimita 3 badilisha leo leo usibishane na bei, hiyo ni roho yako na za watoto unaowabeba. Mimi nilishalipia pedi mpya gereji moja, kumbe walisugua zilezile kwa msasa wakarudisha, nikaja kugundua niko njiani kwenda Moro, chuma inakwaruza diski kriii kila nikikanyaga. Tangu siku hiyo spea nanunua mwenyewe madukani mtaa wa Gerezani, Dar, na ile ya zamani naondoka nayo mkononi.

Oili usibane hela, kila kilomita 5000 mwaga pamoja na filta, foleni za Dar zinaichosha mapema, na kidumu kifunguliwe mbele yako. Nozeli kama gari haina misi, yaani injini haikatikati, na mafuta inakula kawaida achana nazo kwanza. Oili na breki fundi wa mtaani unayemwamini anatosha, ila gia boksi na umeme nenda kwa mwenye mashine ya kupima, asibahatishe na gari yako.